Muulize Sensei: Suparinpei, Saifa, au ipi iwe yangu?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, mtu achague kata ipi (kata ni mfululizo wa mapigo na kinga za karate unaochezwa peke yako kwa mpangilio maalum), kwa hiyo nimezipanga pamoja. Kwa wasomaji wageni: mimi ni fundi cherehani wa hapa Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, na tangu 1984 nacheza karate ya mtindo wa Goju-ryu. Walionifundisha walitokea kwenye dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Zanaki, ile aliyoianzisha Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani miaka ya sabini. Jioni nafundisha watoto na watu wazima kwenye ukumbi wa kuazima, wenye sakafu ya saruji nyekundu yenye ufa katikati. Ufa huo utauona tena huko chini.

Shikamoo Sensei. Nina miaka 43, ni dereva wa basi, nina mkanda wa kahawia wa Goju-ryu. Mwezi wa kumi na moja nafanya mtihani wa mkanda mweusi. Mwalimu amesema mbali na kata za lazima kila mtu alete tokui yake, yaani kata ya kipenzi. Nimeshafundishwa Gekisai zote mbili, Saifa, Seiyunchin na Sanchin. Lakini moyo wangu uko kwa Suparinpei niliyoiona kwenye simu, na nimejifunza mwenyewe mpaka kama nusu. Mwenzangu ananicheka, anasema nichukue Saifa kwa kuwa ni fupi, nimalize nikae. Mimi ni mfupi, nina kitambi, na goti la kulia linanisumbua nikichuchumaa. Nishauri. — Dereva, Morogoro

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na goti. Kama linalia tu, ni jambo moja. Kama linauma au linavimba, ni jambo jingine, na hapo kamwone daktari kabla hujachagua kata yoyote. Usimwambie tu "nacheza karate". Kaa shiko dachi, ule mkao wa chini wa kutanua miguu, palepale mbele ya meza yake aone mwenyewe unachokifanya. Mimi nitakushonea gi, sare ya karate, goti siliwezi.

Sasa hiyo Suparinpei. Jina lake ni namba, 108, na kwenye mtindo wetu ndiyo kata ndefu kuliko zote. Walimu wengi hawaigusi na mwanafunzi mpaka awe amekaa na mkanda mweusi miaka. Sikukatazi kuipenda, hata mimi nikiiona ikichezwa na mtu anayeijua nasimamisha cherehani. Ila nusu ya kata uliyoiokota kwenye simu, ukaipeleka mbele ya watahini, ni kama kuvaa suti ya kuazima kwenye harusi yako mwenyewe. Watakuuliza bunkai. Watakuonyesha mkono mmoja na kusema, huu unafanya nini, nani amekushika, wapi? Utawajibu kwamba yule wa kwenye video alifanya hivyo?

Rafiki yako amekupa jibu zuri kwa sababu mbaya. Saifa ni fupi, kweli. Lakini kwenye kata ndefu kosa la mwanzo linapata muda wa kusahaulika. Kwenye Saifa ukiteleza hatua ya tatu, watahini wanabaki nalo hadi unapiga rei, unainama kuaga. Anayechukua Saifa ili akae haraka huonekana tangu pale anapotaja jina lake.

Mimi nakuambia uichukue kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni Msamvu.

Wewe ni dereva, unaijua ile stendi kuliko mimi. Abiria anashuka kwenye bajaji na begi lake, kabla hajanyoosha mgongo mpiga debe ameshamkamata kifundo cha mkono, "twende dada, gari inaondoka." Sasa fikiria mwanzo wa Saifa. Mguu wa kulia unatoka mbele kwa mshazari. Ngumi ya kulia inaingia kwenye kiganja cha kushoto, unaifunika. Halafu mguu wa nyuma unakuja kuungana na wa mbele, kiuno kinazunguka, na mikono yote miwili inavutwa mpaka karibu na sikio, kiwiko kikiwa mbele. Wewe huvuti kwa mkono. Mkono umefungwa tu, kinachovuta ni kiuno na ile hatua. Kisha unarudi nyuma, unashuka, na uraken, pigo la mgongo wa ngumi, inamdondokea usoni. Mara tatu hivyo: kulia, kushoto, kulia. Aliyekushika kifundo cha mkono hawezi kushindana na mwili mzima unaohama, labda awe na mkono kama nguzo ya umeme. Hata ukiiacha uraken (na stendi tafadhali iache), mkono wako umeshakurudia.

Mtu mfupi mwenye uzito wa kati analipwa na mwanzo huo. Kiuno chako kiko chini tayari. Mrefu inabidi akitafute. Kitambi nacho, ukijua kukizungusha, si adui. Baada ya hapo Saifa inakusimamisha kwa mguu mmoja mara mbili, kila upande mara moja, na kutoka pale unapiga teke la mbele. Hapo ndipo pa kuangalia goti. Wengi wetu sehemu hiyo tunaikimbia: mguu haujapanda vizuri, teke limeshatoka. Wewe simama. Hesabu moja moyoni, halafu piga. Teke la kiunoni lililopigwa na mtu aliyetulia linapita teke la kichwani la mtu anayeanguka.

Unaweza kujiuliza kwa nini sikupi Seiyunchin, maana wote wanaonijua wanajua hiyo ndiyo yangu. Ngoja nikuambie nilivyoipata, haikuwa kwa kupenda.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa na ugonjwa kama wako. Msichana mmoja alikuwa ameshinda mashindano kwa Sesan, nami nikaipenda Sesan kwa sababu ya medali yake. Mwaka uliofuata nikaingia nayo. Kata kadhaa za Goju-ryu zinaanza kwa namna moja: hatua tatu za Sanchin dachi (mkao wa kata ya Sanchin), na kila hatua ngumi. Sesan ni hivyo, Sanseru ni hivyo, na hiyo Suparinpei yako ni hivyo. Nikatamka "Sesan" kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, nikapiga hatua tatu, ngumi tatu, na baada ya ngumi ya tatu mwili wangu ukaingia Sanseru. Nilicheza Sanseru kama hatua nne tano hivi, nikajishtukia, nikasimama katikati mikono ikiwa hewani kama mtu anayesimamisha daladala. Nikapiga rei, nikatoka. Bendera zote za majaji zikapandishwa za mwenzangu. Mwalimu wangu hakusema neno. Mpaka leo sijui kama alikasirika au alikuwa anazuia kicheko.

Mwaka ule ule nikapata ujauzito wa pili, na mtoto akatoka kwa operesheni. Niliporudi dojo, daktari akiwa amesharuhusu, teke lilikuwa halitoki. Nikiinua goti tumbo linavuta. Mwalimu akasema, "Seiyunchin." Basi. Seiyunchin haina teke hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaianza kwa kusimama juu juu, shiko dachi ya bibi anayetaka kukaa kwenye kigoda, na kila baada ya wiki kadhaa nikashuka kidogo. Ule ufa wa sakafu niliokutajia umekaa mshazari, karibu sawasawa na njia ya hatua ya kwanza. Nikawa naweka kidole gumba cha mguu wa kulia kwenye ufa, nashuka, mikono inapanda katikati ya kifua, inafunguka, ngumi mbili zinashuka pembeni mwa mapaja. Kisha mkono wa kulia unageuka na kunasa, na nukite (pigo la ncha za vidole) ya kushoto inaingia chini yake polepole, pumzi ikitoka nayo. Mwaka mzima nikiuangalia ule ufa. Mtu anayekanyaga cherehani ya miguu kutwa nzima, mapaja yake yanajua kufanya kazi lakini nyonga zimeganda. Seiyunchin ilizifungua zangu. Teke lilirudi baadaye, na hakuna kata yenye mateke iliyonitoa tena pale.

Lakini ile ni shiko dachi mwanzo mwisho, mdogo wangu. Na goti lako ndilo linalolalamika ukichuchumaa. Nikikupa yangu nitakuwa nimefanya alichofanya yule msichana mwenye medali, tena yeye hakuwa na kosa, hakunituma.

Wazee wa mtindo huu walilijua jambo hili zamani. Miyagi Chojun, aliyezaliwa Naha mwaka 1888 na kufariki 1953, ndiye aliyeupa mtindo wetu jina Goju-ryu. Wanafunzi wake walisimulia kwamba aliwasimamisha kwenye Sanchin kwa muda mrefu, kisha akamwangalia kila mmoja mwili wake na kumpa kata ya kumfaa. Hakuwamwagia zote kama tunavyofanya sisi siku hizi kwa sababu ya mitihani. Na yeye mwenyewe, husemwa, uzeeni alipendelea Shisochin, kwa kuwa iliuendea mwili wake wa wakati ule. Kama Miyagi aliruhusiwa kubadilisha, hata wewe ukifika miaka 60 badilisha.

Usinisikilize mimi tu, lakini. Chukua wiki mbili. Wiki ya kwanza cheza Saifa kila jioni mara kumi, wiki ya pili Gekisai Dai Ni mara kumi. Seiyunchin ikiwa tu goti limeruhusiwa. Mara tano za kwanza hazina maana, ni mwili unakumbuka. Kuanzia ya saba, umechoka, angalia kichwa chako kinafanya nini. Kama kinahesabu zilizobaki, hiyo si yako. Kama kimeanza kuuliza, "kwani huu mkono wa kushoto kwa nini uko hapa?", kaa hapohapo. Ukimaliza niandikie, nitapenda kujua kama nilikosea.

Na ile nusu ya Suparinpei usiitupe. Mwonyeshe mwalimu wako siku mtihani umepita.

Sensei, mwanangu wa miaka kumi aliona kata za Olimpiki kwenye simu ya baba yake, sasa anasema kata za dojo ni za watoto. Amejifunza moja mwenyewe sebuleni, anaijua yote, amevunja na glasi. Mwalimu wake alipomwona alicheka tu. Nimkataze? — Mama, Mwanza

Usimkataze dada yangu, toa glasi.

Nina hakika ninajua mwalimu alicheka nini. Mwambie mtoto acheze mbele yako ukiwa na ile video pembeni. Kama kwenye video mkono wa kulia ndio unaotoka na yeye anatoa wa kushoto, ameijifunza kwa kioo, kata nzima kinyumenyume. Nimewapata watoto wanne hivyo tangu simu ziingie majumbani. Wanakuwa safi, wana kasi, na kila kitu kiko upande wa pili. Kurekebisha hilo kunachukua muda mrefu kuliko kufundisha upya.

Huenda aliyemwona ni Kiyuna Ryo, aliyechukua dhahabu ya kata kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile ya 2020 iliyofanyika 2021. Karate iliingia Olimpiki mara hiyo, Paris 2024 haikuwemo. Huyo bwana ni wa Okinawa na mtindo wake ni Ryuei-ryu, una kata zake ambazo sisi wa Goju-ryu hatuna. Orodha ya shirikisho la dunia, WKF, ina kata 102, na mchezaji hupanda jukwaani na kata tofauti raundi hadi raundi. Kwa hiyo hata bingwa si mtu wa kata moja tu anapokuwa kazini.

Kuhusu "kata za watoto", mwambie hivi: Gekisai Dai Ichi ilitungwa na Miyagi karibu 1940 makusudi kwa ajili ya wanafunzi wa shule, ndiyo, na mimi mwenye umri huu naanza nayo kila darasa. Akiweza kuicheza macho yamefungwa na kumalizia pale pale alipoanzia, aje anidai soda. Wengi hudhani wamerudi mahali pao, wakifumbua macho wako kwenye ukuta.

Shikamoo mwalimu. Mie ni wa Shotokan, Mombasa, msichana wa miaka 19, mrefu na mwembamba. Mwalimu wangu ataka nicheze Tekki Shodan mwaka mzima. Yachosha! Kwenda kulia, kwenda kushoto, kama kaa wa pwani. Mie naipenda Empi. Je, si haki yangu kuchagua?

Marahaba mwanangu. Mimi ni wa nyumba jirani, mtindo wa Goju-ryu, si wa Shotokan, kwa hiyo nitasema machache nisije nikagombanishwa na mwalimu wako.

Umesema kweli, Tekki ni kaa. Mstari mmoja, kiba dachi (mkao wa mpanda farasi), hakuna mbele wala nyuma. Lakini Funakoshi Gichin mwenyewe, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alieleza kwamba ujanani alikaa na kata tatu za Tekki kwa takriban miaka kumi. Wewe umeombwa mmoja.

Nikikuona kwa mbali, mrefu na mwembamba, nahisi mwalimu ameona miguu yako inapanda unapopiga. Empi maana yake ni mbayuwayu anayeruka; inakushusha chini ghafla na kukupandisha, na karibu na mwisho inakurusha hewani. Mtu mrefu asiyejua kukaa chini, kwenye Empi hupanda tu. Kushuka kunakuwa ni kuinama, kiuno kinabaki juu, na majaji wanaliona hilo kabla hata hujaruka. Tekki ndiyo inayokujengea huko chini.

Haki ya kuchagua unayo. Muulize kwa adabu kama Jumamosi moja kwa mwezi akuangalie Empi. Nadhani atakubali. Na kama akikataa, Empi haina hati miliki, icheze ufukweni asubuhi, pale kaa wenyewe walipo.

Sensei, kwa kuwa wewe ni fundi: wenzangu wakipiga ngumi kwenye kata, gi zao zinalia "paa!" Yangu kimya. Nifanye nini? Nimeambiwa niitie wanga. — Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Swali nililolisubiri miaka mitatu.

Kwanza, sauti hiyo nusu ni kitambaa na nusu ni ngumi kusimama ghafla mwishoni. Gi nzito kwa mtu anayesukuma ngumi badala ya kuipiga itakaa kimya vilevile. Jaribu kwanza ukiwa na shati la shule lililopigwa pasi. Likilia kidogo, tatizo ni gi.

Gi za kuanzia ni nyepesi, mchanganyiko wa pamba na poliesta. Za kata ni pamba tupu, nzito, aunsi 12 mpaka 14. Wanga unafanya kazi kwa kata mbili, ukitoka jasho gi inageuka uji shingoni mwako. Ukitaka kushonewa, mwambie fundi asikushonee kwa marekani, itajaa maji na kulegea; atafute drili nzito ya pamba. Mshono wa bega upigwe mara mbili. Kwenye suruali adai kipande cha ziada msambani, kilichokatwa kama kipande cha kashata, pembe nne, la sivyo shiko dachi ya kwanza utasikia "paa" nyingine usiyoitaka.

Vipimo, kama unawaza mashindano ya sheria za WKF: mkono wa koti upite nusu ya kigasha lakini usivuke kifundo, na huruhusiwi kuukunja. Suruali ifunike angalau theluthi mbili za muundi. Koti lifunike nyonga, lisizidi robo tatu ya paja.

Na kitambaa kilowekwe usiku kucha na kukaushwa juani kabla mkasi haujakigusa. Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikakata gi tatu za drili mbichi. Siku ya kuzichukua zilikaa vizuri mno, wenyewe wakapiga picha. Zilipofuliwa mara ya pili mikono ikapanda karibu na kiwiko, na mmoja wao, ambaye tokui yake ni Saifa, bado anakuja nayo mazoezini kila Jumanne na kusimama mstari wa mbele ili niione.